Mikoa Minne ya Krete

Ndugu msomaji, ukijaliwa kupata likizo katika kisiwa cha Krete, huko Ugiriki, usiimalize yote ukiwa umelala juu ya mchanga. Kisiwa hicho, chenye urefu wa kilomita 260 hivi, kina mikoa minne, na kila mmoja una lake la kukufunza.

Magharibi ni Chania, penye Korongo la Samaria: mwendo wa kilomita 16 hivi kwa miguu, ukiteremka hadi baharini. Vaa viatu madhubuti. Ukielekea mashariki utafika Rethymno, yalipo makao ya watawa ya Arkadi. Hapo, mwaka 1866, mamia ya watu walikufa ghala la baruti lilipolipuliwa ili wasitekwe na majeshi ya Waturuki. Kisha ni Heraklion, penye magofu ya jumba la kale la Knossos.

Lakini moyo wangu ulibaki Lasithi, mkoa wa mashariki kabisa. Nilipanda mashua hadi Spinalonga, kisiwa kidogo walikotengwa wagonjwa wa ukoma tangu 1903 hadi 1957. Wenzangu walipiga picha; mimi nilimkumbuka mjomba wangu, aliyeugua maradhi hayo, ambaye hata baada ya kupona tuliendelea kumtengea sahani yake. Alifariki kabla sijamwomba radhi.

Basi, msomaji, ukifika Spinalonga tembea polepole. Na kama nyumbani unaye jamaa uliyemtenga, usingoje safari: mkaribishe leo, mle sahani moja.