Tulipoacha Meli

Nilipokuwa mtoto Bukoba, safari ilikuwa na sauti mbili: honi ya meli bandarini na, mara mojamoja, muungurumo wa ndege. Honi tuliipenda. Muungurumo watu wazima hawakuuamini upesi. Mwaka 1972 ndege za Idi Amin ziliupiga mji mabomu, na mwaka 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, daraja la Kyaka likalipuliwa. Kwa hiyo bibi yangu, hata miaka mingi baada ya vita, akisikia ndege alitoka kwanza uani akaitazama hadi ipotee, ndipo akarudi kumenya ndizi.

Kiwanja cha ndege chenyewe kilikuwa kipande cha changarawe kando ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mji. Waliopanda walikuwa wakubwa wa serikali, mapadri, wafanyabiashara wa kahawa, na mgonjwa aliyezidiwa akiwa na ndugu wenye uwezo. Sisi wengine tulikuwa watu wa meli: unalala njiani, unaamkia Mwanza. Barabara ya kusini ilikuwa mbaya kiasi kwamba basi la Dar es Salaam lilipitia Kampala na Nairobi. Uvuke nchi mbili za watu ili ufike Dar, mji wa nchi yako mwenyewe!

Halafu ikaja tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya watu, na hakuna mtaa kwetu uliokosa matanga. Tangu siku hiyo mtu akijichanga akapata nauli ya ndege, hakuna aliyemwona mwenye maringo. Alikuwa analikimbia ziwa.

Lami ilipowekwa kiwanjani, kisha jengo jipya la abiria likasimama, ndege zenye viti arobaini na kitu zikawa jambo la kawaida. Mimi naamini kilichobadilika zaidi ni mizani ya mizigo kuliko njia ya kurukia. Zamani ilipima mikoba ya maofisa. Sasa, ifikapo Novemba, inapima ndoo za senene waliokaangwa, ndizi zilizofungwa kwenye magunia, na kahawa ya kutafuna ya kumpelekea mjomba aliyeko Dar. Nimemsikia kijana wa mizigo akimwambia mama mmoja kwa adabu, “Ma, kilo zimezidi.” Mama akajibu, “Mwanangu, huu si mzigo, ni senene.” Foleni nzima ikamuunga mkono. Desemba mambo hugeuka: ndege huja zimejaa Wahaya wanaorudi kula sikukuu, na nje ya geti madereva wa teksi wanagombea masanduku.

Ila ziwa halikusogea. Ukitua kutokea upande wake, dirishani huoni kitu ila maji, mpaka unajiuliza nchi kavu imekwenda wapi, ndipo magurudumu yanagusa. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam haikuifikia lami. Iliangukia majini, karibu mno na uwanja, ikiwa na watu 43. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, mmoja wao Majaliwa Jackson, kijana ambaye jina lake lilijulikana nchi nzima kabla ya jua kutua. Watu 24 walipona. Wengine 19 tuliwaaga uwanja wa mpira wa Kaitaba, marubani wote wawili wakiwamo.

Ndege zinaendelea kuja. Kajunguti, kule Missenyi, imetajwa miaka na miaka kuwa ndipo utakapojengwa uwanja mkubwa. Meli ya MV Victoria nayo, baada ya kutengenezwa, imerudi majini tangu mwaka 2020, na wapo waliorudi kwayo. Shangazi yangu anayeishi Dar amejipangia utaratibu wake: biashara kwa basi, matembezi kwa meli, msiba kwa ndege, kwa kuwa maiti haisubiri. Siku ya kusafiri hunipigia simu alfajiri nitoke nje nimtazamie ziwa. Nikimwambia mawingu yamefunga, huguna, huuliza upepo unatokea wapi, kisha huenda uwanjani vilevile, maana nauli ameshailipa.