Kukwama kwa Kalamu: Tafakuri juu ya Mtunzi na Msikilizaji Wake

Kukwama kwa mwandishi aghalabu huelezwa kwa sababu mbili: ama amekosa wasaa, ama amekaukiwa na ilhamu. Sababu ya kwanza ina ukweli wake, hasa kwa mhadhiri mwenye rundo la karatasi za mitihani mezani. Lakini haielezi kwa nini mtu huyohuyo, apatapo likizo, hukaa mbele ya ukurasa mweupe tangu alfajiri hadi adhuhuri asiambulie hata aya moja. Sababu ya pili ni jina jingine la tatizo lenyewe. Yamkini aliyekwama ana mengi ya kusema, ila hamwoni wa kumwambia.

Watunzi wa tenzi walilitambua jambo hili zamani. Utenzi wa kale ulizoea kuanza kwa kumtaja Mwenyezi Mungu, kisha mtunzi akaagiza karatasi, kalamu na wino. Wahakiki wengi huzipita beti hizo upesi, wakiziita kaida tupu, na kwa kufanya hivyo huzikosea haki. Kaida ile humpa mtunzi kazi ya mkono kabla ya kazi ya fikra: afikapo ubeti wa tano, kina cha mwisho kimekwisha chaguliwa, mizani minane imetua sikioni, na kimya kimevunjika pasipo yeyote kudai werevu. Mwana Kupona binti Msham, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, alikuwa ameugua muda mrefu. Alimwita bintiye akae karibu, na ni binti huyo aliyeagizwa wino na karatasi. Msikilizaji aliketishwa kabla ya wasia kuanza. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye alitunga katika mazingira ya kujibizana, ambapo shairi la upande wa pili lilidai jibu.

Mtunzi wa riwaya hakurithi neema hiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alikiri tangu siku zake za Leeds katika miaka ya 1960 kwamba amefikia njia panda: hakujua kama kulikuwa na maana ya kuendelea kuandika kwa Kiingereza, ilhali wakulima aliowasimulia wasingeweza kumsoma. A Grain of Wheat ilitoka mwaka 1967. Riwaya iliyofuata, Petals of Blood, ilitoka mwaka 1977. Hakuwa bubu katika miaka hiyo kumi, kwani insha na tamthilia zilitoka. Swali la hadhira, hata hivyo, lilibaki pale pale hadi Kamirithu, mwaka 1977, ambako wanakijiji waliosomewa mswada wa Ngaahika Ndeenda walimsahihisha yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ lugha yao wenyewe. Huenda hakuna mhariri aliyewahi kumfaa zaidi.

Mwishoni mwa mwaka huohuo alikamatwa. Habari ya riwaya iliyoandikwa Kamiti juu ya karatasi za chooni imesimuliwa mno, kana kwamba kifungo ni dawa ya kukwama. Si dawa, kimewanyamazisha wengi. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 na ambaye pia aliandika juu ya karatasi za aina hiyo tungo za Sauti ya Dhiki (1973), aliingia gerezani akiwa na vina na mizani kichwani, mali isiyopekuliwa na askari. Ngũgĩ hakuwa na akiba kama hiyo, kwa kuwa riwaya ya Kigĩkũyũ ilikuwa bado haijajijengea mapokeo. Alichokuwa nacho ni masikio ya Kamirithu.

Athari yake imo katika mwanzo wa Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina Shetani Msalabani. Msimulizi, mpiga gĩcaandĩ, anasita. Kisa ni kizito na hataki kukitoa. Mama yake Wariinga anamjia alfajiri, akilia, akimsihi amsimulie habari za mwanawe. Na hata baada ya hapo msimulizi anajifungia siku kadhaa kabla ya kufumbua kinywa. Riwaya inaanza kwa kukwama, na kinachoikwamua ni ombi la mtu anayetaka kujua. Hapa mwandishi wa karne ya 20 anakutana na mtunzi wa Pate, japo kwa njia tofauti kabisa.

Katika idara za fasihi wapo wanafunzi wa uzamili walioganda katika sura ya pili kwa mwaka mzima. Hushauriwa wasome zaidi, nao husoma zaidi, na sura haisogei. Wanawaandikia watahini watatu wanaowaogopa. Mwenzao mmoja wa kuisikiliza sura hiyo kila Ijumaa, akiuliza anapopotea, angewafaa kuliko marejeleo mengine hamsini.

Riwaya ya Ngũgĩ ilipotoka ilisomwa kwa sauti majumbani na hata katika baa. Katika Decolonising the Mind (1986), mwandishi anaeleza jinsi msomaji wa baa alivyonyamaza kisa kilipokolea, akakiweka kitabu chini, akangoja hadi wasikilizaji wamjazie bilauri yake.