Nilidhani vitamini si dawa

Msomaji mpenzi, ikiwa una mgonjwa wa saratani nyumbani, bila shaka wageni wamekuletea matunda, maombi na ushauri. Na katika ushauri huo hakosi wa kukuambia, "Mpe vitamini, atapata nguvu." Mimi niliambiwa hivyo, nikatii, na nusura nimwangamize mamangu mzazi.

Ilikuwa mwaka wa 2019. Mama alikuwa amepatikana na saratani ya titi, akaja kukaa nami mtaani Umoja, Nairobi, ili awe karibu na hospitali. Kila baada ya wiki tatu nilimpeleka kutiwa kemotherapi mshipani. Kila tulipofika tuliulizwa, "Kuna dawa nyingine anayotumia nyumbani?" Nami nilijibu bila kusita, "Hakuna, daktari."

Sikudhamiria kudanganya. Kabatini mlikuwa na chupa mbili tu, ambazo sikuzihesabu kuwa dawa. Moja ilikuwa ya vitamini D, niliyotumiwa na binamu yangu aliye Marekani, ambako huuzwa madukani bila cheti cha daktari. Ya pili ilikuwa tembe za kalsiamu, nilizonunua mtaani baada ya jirani kuniambia kwamba kemotherapi hula mifupa. Kila tembe ya vitamini D ilikuwa na uniti 5,000. Nilimpa mbili asubuhi na mbili jioni. Kama moja ni nzuri, niliwaza, nne ni bora zaidi. Sikujua kwamba mtu mzima huhitaji uniti 600 hadi 800 tu kwa siku, na kwamba haifai kupita 4,000 bila daktari kusimamia.

Mwezi wa tatu Mama alianza kubadilika. Alishikwa na kiu isiyokatika, na usiku kucha akawa haachi kwenda msalani. Akafunga choo siku tano. Chakula akakikataa, hata uji akautapika. Sote tulisema, "Ni kemotherapi hiyo," nami nikazidi kumhimiza ameze tembe zake! Asubuhi moja aliniita kwa jina la dadake aliyefariki zamani, akaniuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa. Umoja kwangu hakuna ng'ombe, msomaji. Nilikodi teksi mbio.

Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mama alitundikiwa maji ya chumvi papo hapo. Daktari alinieleza kwa upole kwamba kwa mgonjwa wa saratani, mara nyingi jambo hilo huletwa na ugonjwa wenyewe: ama umeingia mifupani, au uvimbe unatoa kemikali zinazoifanya mifupa imwage kalsiamu damuni. Akaagiza kemotherapi isimame na mifupa ipigwe picha. Usiku ule, juu ya benchi la hospitali, nilimzika mamangu moyoni angali hai.

Picha zilitoka safi. Ndipo muuguzi mmoja wa makamo akaja kuketi kando yangu. Hakuniuliza habari za dawa. Alisema, "Mwanangu, nitajie kila kitu Mama anachotia kinywani tangu asubuhi hadi usiku. Hata chai." Nikataja chai, nikataja uji, nikazitaja na zile tembe. Akanitazama kimya, kisha akasema, "Kesho niletee hizo chupa."

Kipimo cha vitamini D kilithibitisha yote. Kazi ya vitamini hii ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwa chakula. Ikizidi mno, kalsiamu hujaa damuni, figo hulemewa zikijaribu kuitoa, mwili hukaukiwa na maji, na akili huvurugika. Tena haitoki upesi kwa mkojo kama vitamini C, bali hujihifadhi katika mafuta ya mwili. Kwa hivyo, ingawa tembe zilikomeshwa siku hiyo hiyo, kalsiamu ilichukua wiki kadhaa kutulia. Wiki hizo zote kemotherapi ya Mama ilingoja.

Sisemi kwamba vitamini D ni sumu. Wapo wagonjwa wa saratani wanaoandikiwa na daktari, pamoja na kalsiamu, hasa wale wanaodungwa dawa za kuimarisha mifupa, kwa kuwa dawa hizo huweza kuishusha kalsiamu mno. Ikiwa mgonjwa wako ameandikiwa, usizitupe kwa sababu ya kisa changu. Daktari hupima damu ndipo atoe. Mimi nilipima kwa mapenzi.

Mama alimaliza matibabu, akarudi kijijini kwa ng'ombe wake. Akinitania huniita "daktari wa chupa mbili". Mimi hucheka, lakini kicheko hicho kina uchungu ndani.

Basi, msomaji, siku ya kliniki tia mfukoni kila chupa, kila mzizi na kila unga anaotumia mgonjwa wako, ukaviweke mezani mwa daktari. Ukiona kiu isiyokatika, choo kufunga, usingizi mzito au kuchanganyikiwa, usingoje tarehe ya kliniki. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilificha bila kujua kwamba naficha. Wewe sasa umejua.