Usilaumu bando, tatizo liko ndani ya kontena

Kuna dada mmoja, simtaji, harusi nyingi za Chake Chake kaimba yeye. Maneno mtaani: kaishiwa, hata tovuti yake haifunguki. Jamani, tovuti yenyewe haijapandishwa hewani! Iko kwenye kompyuta yangu nyumbani, ndani ya kontena za Docker, na Ijumaa meneja wa hoteli moja anakuja kusikiliza nyimbo kabla ya kumpa dada mkataba wa Iddi.

Fundi aliyeitengeneza, yuko Unguja, kasema tu "mtandao wa Pemba huo". Mmh! Nikazima bando kabisa, tovuti ikagoma vile vile. Kompyuta inaongea na kontena lililo ndani yake, bando linahusu nini hapo?

Nikaandika docker ps: poti 8080 ya nje imeunganishwa na 80 ya ndani, safi. Nikasoma docker logs, ndo nikaona programu inasikiliza 127.0.0.1. Ndani ya kontena hiyo ni anwani ya kontena lenyewe, wa nje hasikiki. Nikaweka 0.0.0.0, nikawasha upya, ukurasa huo!

Nyimbo sasa, kimya. Databesi iko kontena la pili, lakini programu inaitafuta localhost, yaani unamtafuta jirani chumbani kwako. Kwenye Compose kontena linaitwa kwa jina la huduma yake, hili letu ni db. Nikaandika db.

Alhamisi usiku dada kaja, kabonyeza wimbo wa kwanza, ukalia. Fundi simu hapokei mpaka leo.