Kwetu Kunaishia Wapi?

Wanachuo wenzangu, semina ile ilinikuta bumu halijatoka, nakula kwa kukopa kwa mama ntilie. Labda ndiyo maana niliropoka.

Tulikuwa tunajadili Desemba 1965. Mwezi mmoja nyuma walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru, Uingereza ikasita kuwaondoa, na Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza kama mawaziri wa OAU walivyokubaliana. Nchi nyingi wanachama hazikutekeleza. Sisi tukazuiliwa mkopo wa pauni milioni 7.5.

"Mwalimu alikosea hesabu," nikasema. "Rhodesia si kwetu."

Dada mmoja akanijibu taratibu: "Hesabu yake ilianzia kwenye utu. Kama binadamu wote ni sawa, kwetu kunaishia wapi?"

Nikaenda maktaba kumtafutia Mwalimu kosa. Nikakutana na Aprili 1968: Tanzania inaitambua Biafra, nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Yaani yule yule aliyeunganisha Tanganyika na Zanzibar miaka minne tu nyuma, leo anawatambua waliojitenga! Nikadhani nimemnasa. Kumbe hoja ni ile ile: dola ipo kwa ajili ya watu. Watu wakiuawa na kukosa usalama ndani yake, umoja haudaiwi kwa bunduki.

Mwaka 1965 wazo hilo lilimgharimu fedha za Uingereza. 1968 likamkosanisha na wenzake wa OAU. Biafra yenyewe ikaanguka Januari 1970. Unaweza kubisha kwamba alikosea, na mimi mwenyewe bado sijamaliza kubishana na nafsi yangu. Lakini huwezi kusema alibadili kipimo kwa sababu safari hii aliyekuwa mbele yake ni rafiki.

Hapo nikanyamaza. Wiki ile ile nilikuwa nimeandika jina la rafiki yangu kwenye kazi ya kundi ambayo hakugusa hata sentensi moja. Ananidai shilingi 20,000. Wenzetu watatu walikesha. Mimi nikajiambia, ah, urafiki ni urafiki.

Kazi inakusanywa Ijumaa. Bumu bado halijatoka. Jana usiku nilimfuata chumbani kwake nikamwambia, kisha nikalifuta jina lake, nikiwa bado nadaiwa.