Mtegemea cha Nduguye

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nilikua nikiliamini neno hilo kama lilivyo, mpaka mwaka 2018 liliponirudia kwa sura nyingine, katika chumba kidogo hapa Tunduma, hatua chache kutoka barabara ya malori.

Kazi yangu ni kutunga programu za kompyuta. Wakati huo nilikuwa nimepewa kazi na wakala mmoja wa forodha. Anayeujua mji wetu hahitaji kuelezwa shughuli za watu hawa. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hapa mpakani, na kila lori lina karatasi zake, ada zake, na dereva wake anayesubiri. Wakala alitaka programu ya kuweka mambo hayo yote mahali pamoja.

Niliigawa programu katika sehemu tatu, ambazo sisi huziita moduli. Ya kwanza ilikuwa msingi, yenye kanuni za kukokotoa ada. Ya pili iliandikisha malori na karatasi zake. Ya tatu ilimtolea tajiri ripoti. Hizo mbili zilitegemea ile ya kwanza, kama kuta zinavyotegemea msingi wa nyumba. Nilikuwa na msaidizi, kijana wa Vwawa, msikivu na mwenye bidii, ambaye kazi yake ilikuwa kuunganisha sehemu zote ziwe kitu kimoja.

Usiku wa kuamkia siku ya makabidhiano nilibadili jambo dogo katika msingi. Kanuni moja niliipa jina jipya, nililoliona zuri zaidi. Kisha nikaiunda moduli ya malori peke yake, nijaribu. Ikakubali. Nikamtumia kijana kazi yote, nikalala.

Asubuhi nikamkuta ameinamia kompyuta.

"Shikamoo kaka. Kwangu inagoma."

"Marahaba. Mbona kwangu inaenda?"

Akajaribu tena mbele yangu, ikagoma. Nikafungua kompyuta yangu, nikaiunda moduli ya malori, ikaenda bila kikwazo. Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa. Nikamwambia, "Huyu kijana kuna kitu amevuruga." Kijana alinitazama, akafumbua mdomo kama anayetaka kusema, akaufumba. Makabidhiano yaliahirishwa. Wiki ile haikuisha kabla hajaaga na kurudi kwao.

Siku chache baadaye kompyuta yangu ilijaa. Katika kupunguza vitu nikafuta ghala la Maven, chombo tunachotumia kuunda programu. Nikaunda tena moduli ya malori, na safari hii ikagoma kwangu pia.

Hapo ndipo nilipoelewa. Maven huweka ndani ya kompyuta nakala za moduli zilizokwisha kuundwa. Nilipoiunda moduli ya malori peke yake, haikuutazama msingi mpya. Ilichukua nakala ya zamani kutoka ghalani, ambamo jina la zamani bado lilikuwa hai. Kijana, kwa kufuata utaratibu, alikuwa anaunda kila kitu upya kuanzia msingi, na moduli ya malori ilipoita jina la zamani, haikupata wa kuitika. Kompyuta yake ilikuwa inasema kweli. Yangu ilikuwa inanibembeleza.

Tangu hapo, kila nipitapo karibu na reli ya TAZARA hukumbuka habari ya Kidatu. Reli hii inayopita mjini kwetu, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za Zambia. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Kila moja kwa upande wake ni nzima, na treni hupita. Lakini zinapokutana Kidatu, behewa la huku haliwezi kuendelea kule, ndiyo maana mwaka 1998 pakawekwa kituo cha kuhamishia mizigo. Ukikagua kila reli peke yake huoni kasoro. Kasoro imekaa pale zinapokutana, na anayeiona kwanza ni yule aliyepewa kazi ya kuunganisha.

Hata wakubwa wa fani hii hawakusalimika. Machi 2016 mtunzi mmoja, Azer Koçulu, aliondoa kazi zake kwenye ghala la npm, ambalo watunzi wa dunia nzima huchota humo. Mojawapo, iitwayo left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi maelfu ikashindwa kuundwa. Wengi wa wenye miradi hiyo hawakuwa wamewahi kuisikia. Waliyemtegemea alimtegemea mwingine, naye mwingine, hadi kwenye mistari ile 11.

Kwa hiyo sidhani kosa ni kutegemea. Hakuna atungaye programu peke yake, kama hakuna avushaye lori mpaka peke yake. Kosa ni kutojua unamtegemea nani, na lililo baya zaidi ni kumtwika lawama aliye karibu kwa sababu ndiye unayemwona.

Nilipanda basi dogo hadi Vwawa kumwomba radhi. Nilimkuta nyumbani kwao, akanikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Kaka, ulifuta ghala?"

Alikuwa amejua tangu asubuhi ile. Mbele ya tajiri, na mimi nikiwa nimeshasema, sikumwachia nafasi ya kulitamka. Siku hizi anayeniambia "kwangu inagoma" namvutia kiti, nafuta ghala langu kwanza, ndipo tunaanza kuzungumza.