Doa la rangi na chupa ya soda

Baba alikuwa akipaka mlango rangi ya mafuta, ikamrukia kwenye shati jipya. Ingekuwa rangi ya maji, sabuni ingetosha kabla haijakauka. Mama akamimina mafuta ya taa kidogo kwenye chupa ya soda, akasugua kwa kitambaa, doa likatoka. Alipogeuka kulifua shati, mwanawe wa miaka miwili alikuwa ameshapiga funda moja.

Jirani akapiga kelele, "Mtapishe, mpe maziwa!" Mama akakataa. Kliniki aliwahi kuambiwa kuwa mtoto akitapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu. Wakakimbilia hospitali. Walilazwa siku mbili, mtoto akapona.

Leo mafuta ya taa yanakaa kwenye dumu lake, juu ya kabati. Na baba akipaka rangi, huvaa shati kuukuu.